Tupeane uzoefu: Mliokulia kwenye karakana za chuma za familia Mwanza

Mtoto wa Makoroboi: Wakuu, marehemu mzee alikuwa fundi bati pale Makoroboi. Wageni wa mji huenda hawajui jina la mtaa limetokana na kazi yao: mikebe chakavu iligeuzwa koroboi. Nikitoka shule naosha mikebe ya samli, mzee anapasha chuma cha lehemu kwenye mkaa, anapaka tindikali, lehemu inatambaa kwenye mshono. Kukata bati alituachia, kuziba mshono hapana. Koroboi ikivuja, mafuta ya taa yanaunguza nyumba ya mtu. Zikaja tochi za Mchina, tukahamia Nyakato kuchomelea mageti. Kwenu ilikuwaje?

Ng'wana Geita: Ukoo wetu ni Warongo. Wazee waliyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa na mivukuto, wakafua majembe, na jembe lilikuwa mahari. Majembe ya dukani yalipoingia, tanuru zikapoa. Tumebaki na fuawe moja ya jiwe, bibi anapondea karanga. Msicheke.

Dada wa Kirumba: Shikamoo wazee wa lehemu! Baba alikuwa fundi karabai za wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wanafuata taa. Kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, karabai zote zinamiminika kwetu: hii pampu imekufa, ile tangi limetoboka. Wiki hiyo tulikula nyama. Giza likirudi, baba halali, anasikiliza kama kuna mtumbwi unarudi mapema kumlaumu. Sasa ni taa za sola na betri. Yeye mwenyewe kanunua moja ya chooni.

Mkerezaji: Mzee wetu alikereza vipuri vya jineri, vile viwanda vya kuchambua pamba, kwa lethi, mashine ya kuchonga chuma kikizunguka. Jineri ikikwama msimu wa pamba, wanamgongea saa nane usiku. Vipimo vyote alivishika kichwani, hata daftari hakuwa nalo. Alipofariki tukagawana ndugu wanne: huyu kiwanja, huyu grenda, huyu mtungi wa gesi, mimi lethi. Lethi bila kiwanja utaifunga wapi? Ilinyeshewa masika mawili, nikaiuza kwa kilo kama skrepa.

Mtoto wa Makoroboi: Duh, pole kaka. Aliyepata kiwanja yuko wapi?

Mkerezaji: Yupo palepale. Kajenga fremu za maduka, na mageti yake kachomelewa Nyakato. Labda na wewe.