Sungura wangu anajinyofoa manyoya: je, anakaribia kuzaa?

Swali: Habari zenu, wafugaji wenzangu. Sungura wangu jike, ambaye nilimpandisha kwa mara ya kwanza siku 29 zilizopita, tangu asubuhi anabeba nyasi mdomoni na kujinyofoa manyoya ya kifuani. Je, nimtenganishe na dume?

Jibu: Ndiyo, ndugu, mtenganishe leo hii, kwani mimba huchukua takriban siku 31, na jike anaweza kushika mimba nyingine mara tu baada ya kuzaa. Mwekee kisanduku chenye nyasi kavu.

Jibu: Naongezea kwamba usihofu ukiona hakai na watoto, kwa sababu huwanyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku. Watazame matumbo kila asubuhi; yakiwa yamejaa na ngozi haijakunjamana, wameshiba.

Muuliza swali: Nashukuru sana. Dume nimekwisha kumhamisha.