Muhula mmoja Ulaya: Bayreuth au Uppsala? Natakiwa kujibu Ijumaa

Binti_Mlalakuwa:
Habari za jioni wakuu. Idara imenichagua kwenda kusoma muhula mmoja nje kwa utaratibu wa kubadilishana wanafunzi. Nimepewa nichague kati ya vyuo viwili, Bayreuth kule Ujerumani au Uppsala, Sweden. Jibu linatakiwa Ijumaa kabla ofisi hazijafungwa. Kwetu hakuna aliyewahi kusoma nje, kwa hiyo nimeona nije kuwauliza nyinyi. Ada silipi kokote. Mngekuwa mimi mngechagua wapi, na kwa nini? Naomba kuwasilisha.

Kigogo_Riverside:
Hongera sana dada, hii ni nafasi kubwa. Ila mada imekuja nusu. Unasoma nini? Mwaka wa ngapi? Unaondoka muhula upi? Chakula na malazi analipa nani? Una mkopo wa Bodi ya Mikopo au unasomeshwa na wazazi? Usipotuambia hayo, kila mtu atakutajia mji anaoupenda yeye.

Mpemba_Asilia:
Uppsala bila kusita! Chuo kimeanza mwaka 1477, fikiria hilo. Wanafunzi wa pale wana vyama vyao wanavyoviita "nation", viko 13. Ukijiunga na kimoja unapata chakula cha bei nafuu, pa kujisomea, na watu wa kukuzoea, maana Waswidi huwezi kuwazoea barabarani. Halafu Taasisi ya Nordic ya Afrika ipo mji huohuo tangu 1962, na maktaba yake yote ni mambo ya Afrika. Mimi nilisoma mji mwingine wa Sweden lakini nilikuwa naifuata maktaba ile kila nikipata nafasi.

Mtu_wa_Leipzig:
Mpemba amekuficha jambo moja. Mwezi wa kumi na mbili kule jua linachomoza saa tatu kasoro asubuhi na kabla ya saa tisa alasiri limeshazama. Mtu aliyekulia Dar lazima ajiandae kwa hilo. Bayreuth nako ni baridi, lakini mchana bado ni mchana. Ni mji mdogo wenye watu kama elfu sabini na kitu, bweni hadi darasani unatembea, na mambo ya Afrika wanayafanya kwa dhati. Kuna jumba la sanaa za Afrika linaitwa Iwalewahaus tangu 1981, na Kiswahili kinafundishwa pale miaka mingi.

Mpemba_Asilia:
Giza unazoea. Unanunua taa nzuri, unajiunga na watu, unatoka nje mchana hata kama hujisikii. Sijaona aliyekufa kwa giza.

Dokta_wa_Kibaha:
Mpemba, hilo usilipitie juu juu. Wapo wanafunzi wanaoanguka kabisa kipindi hicho, hawalali, hawali, hawaendi darasani. Dada, kama umewahi kuwa na shida ya aina hiyo, lihesabu kwenye uamuzi wako kama unavyohesabu pesa.

Binti_Mlalakuwa:
Asanteni wote. Nasoma B.A. na Ualimu, Kiswahili na Historia, sasa hivi niko mwaka wa pili. Nitaondoka muhula wa kwanza wa mwaka wa tatu. Ufadhili ni wa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya, nimeambiwa euro 900 kwa mwezi pamoja na nauli. Mkopo wa Bodi ninao. Chuo ni hapahapa Dar.

Jembe_la_Songea:
Ngoja kwanza. Mtanzania anayesoma Kiswahili anakwenda kusomea Ujerumani? Dada, hiyo nafasi wangepewa wa uhandisi. Kiswahili kiko hapa, kiko Zanzibar, kiko Lamu. Wajerumani watakufundisha nini cha Kiswahili ambacho bibi yako hakijui?

Mtu_wa_Leipzig:
Jembe, hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Kiswahili kimefundishwa Berlin tangu 1887, na waliokifundisha walikuwemo watu wetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha kule kuanzia 1900. Amur bin Nasur wa Zanzibar alimtangulia. Maandishi mengi ya zamani ya pwani yetu yamelala kwenye maktaba za Berlin, Hamburg na London. Asipokwenda mtoto wetu anayeijua lugha akayasoma, atayasoma nani? Na ni mwanafunzi wa Historia pia, au hilo hukuliona?

Jembe_la_Songea:
Nimeliona. Ninachosema ni kwamba maandishi hayo yarudi nyumbani, siyo sisi tuyafuate kule kwa viza na baridi.

Mtu_wa_Leipzig:
Yarudi, sawa, tupo pamoja. Lakini muhula wake unaanza Oktoba.

Mtoto_wa_Kisauni:
Dadangu, salamu kutoka Mombasa. Hebu nitie neno. Kwani lazima Ulaya? Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, ni mmoja wa washirika wa Bayreuth katika ule mradi wao mkubwa wa utafiti wa Afrika ulioanza 2019. Idara ya Kiswahili ipo na ina walimu wa kutegemewa. Viza huhitaji, basi unapanda Dar, na ugali upo. Utakutana na Kiswahili cha upande wetu, na ushairi wetu pia, maana nyinyi wa bara mwaujua wa vitabuni tu.

Kigogo_Riverside:
Kisauni, Eldoret na ushairi wa Mombasa wapi na wapi? Huko ni Bonde la Ufa, kaka. Na mwaka 2024 wahadhiri wa chuo hicho waligoma mpaka chuo kikafungwa, wanafunzi wakarudishwa makwao. Mtu mwenye muhula mmoja tu hawezi kubahatisha hivyo. Isitoshe kaandika wazi vyuo alivyopewa ni viwili.

Mtoto_wa_Kisauni:
Mgomo ni kweli, siwezi kukataa. Lakini walimu waliokuwa wakidai haki yao hawakukipunguzia chuo elimu yake. Na wanafunzi wa Mombasa wamejaa Eldoret, ushairi wameuchukua kwenye mabegi.

Karani_wa_Mitihani:
Nimewaacha mmalize Kenya. Sasa naomba tuangalie kalenda, kwa sababu nimefanya kazi ofisi ya mitihani na nimeona watoto wakilia kwa jambo hili.

Sweden muhula wa kwanza unaanza mwishoni mwa Agosti na kuisha katikati ya Januari. Wewe ni mwanafunzi wa ualimu. Ukimaliza UE za Julai, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, unakwenda TP, mazoezi ya kufundisha, na TP inakula mpaka Septemba hivi. Ukichagua Uppsala, TP utaifanya lini? Na ukipata sapu, yaani mtihani wa marudio, kwenye somo lolote, sapu zinafanyika kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza, wakati wewe umeshakaa darasani Uppsala.

Ujerumani vipindi vya muhula wa baridi vinaanza katikati ya Oktoba, vinaisha mwanzoni mwa Februari. Hiyo inalala karibu sawa na muhula wetu wa kwanza. TP unamaliza, sapu ikiwepo unaifanya, unaondoka. Tatizo lake ni mwisho: baadhi ya walimu wa kule wanataka insha ndefu mwezi Machi, na hapo muhula wetu wa pili umeshaanza. Waulize mapema, wengi wanakubali mgeni akabidhi kabla.

Kwa kalenda peke yake, mimi naona Bayreuth.

Binti_Mlalakuwa:
Suala la TP hakuna aliyenigusia idarani. Kesho asubuhi naanzia ofisi ya TP.

Mpemba_Asilia:
Kalenda sawa, ila waulize pia lugha ya kufundishia. Uppsala wana kozi nyingi za Kiingereza kwa wanafunzi wa kubadilishana. Ujerumani kozi nyingi za shahada ya kwanza ni Kijerumani, hata zinazohusu Afrika. Usije ukafika ukakuta kozi moja ya kukufaa na nyingine zote huelewi mwalimu anasema nini.

Mtu_wa_Leipzig:
Hapo Mpemba yuko sahihi. Omba orodha ya kozi za muhula huo, siyo tangazo la kwenye tovuti. Kozi iliyokuwepo mwaka jana si lazima iwepo mwaka huu.

Mwalimu_wa_Zamu:
Mdogo wangu, soma haya yangu taratibu. Sitataja chuo wala nchi.

Na mimi nilikwenda kwa utaratibu huuhuu. Kabla ya kuondoka kuna mkataba wa masomo, unaandikwa kozi utakazosoma kule na kozi za nyumbani zitakazofutwa badala yake. Unasainiwa na wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea. Wangu ulisainiwa na pande zote tatu. Nilikwenda, nikasoma, nikafaulu kila somo. Nikarudi na furaha yangu, zawadi za wazazi mkononi.

Kufika, mkuu wa idara aliyesaini amemaliza muda wake. Aliyekikalia kile kiti akafungua faili langu, anasema hana kumbukumbu yoyote. Nikampelekea nakala. Akasema kozi fulani na fulani hazifanani na zetu za lazima, kwa hiyo hazitambui. Nikamwambia mwenzako alizikubali kwa maandishi. Akajibu kwamba mkuu wa idara peke yake hana mamlaka hayo, ilitakiwa ipite kamati ya kitivo. Wakati tunabishana, matokeo ya wenzangu yakatoka. Kwenye mfumo mimi naonekana sikufanya UE hata moja, kwa sababu transkripti ya kule, hati ya matokeo, ilikuwa bado haijafika. Fedha ya kujikimu ikasimama. Nikawa nakula kwa rafiki zangu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mama ananipigia kutoka kijijini, anauliza mahafali lini ili auze mahindi apate nauli, nami sina la kumjibu.

Mwisho wake nilirudia zile kozi na waliokuwa nyuma yangu, nikahitimu mwaka uliofuata. Wenzangu niliopanga nao chumba walikuwa wameshapata ajira.

Kwa hiyo usiondoke mpaka uwe na barua ya kitivo, yenye muhuri, inayotaja kila kozi kwa namba yake na mbadala wake. Nakala moja ofisi ya mitihani, nyingine ya msajili wa masomo, nyingine kwa mama. Hesabu ya krediti, vile vipimo vya uzito wa kozi, nayo iandikwe. Krediti moja ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ni saa 10 za masomo, mwaka mzima ni 120; za Ulaya mwaka ni 60. Kwa hiyo krediti 30 za muhula wa Ulaya zinalingana na 60 zetu. Usikubali mtu akuandikie 30 kwa 30, utarudi una nusu muhula.

Karani_wa_Mitihani:
Kila neno la Mwalimu ni kweli tupu. Pole sana mkuu.

Kigogo_Riverside:
Pole sana Mwalimu. Dada, sasa pesa. Euro 900 ni nyingi ukiwa hapa, kule si nyingi. Kingine, mara nyingi anayelipa ni chuo kinachokupokea, na analipa ukishafika. Kodi ya mwezi wa kwanza na dhamana ya chumba vinatakiwa mwanzoni. Uwe na akiba au mtu wa kukukopesha.

Mpemba_Asilia:
Sweden kuna jambo la kuongeza. Ukikaa pungufu ya mwaka hupewi namba ya utambulisho ya kule, na bila namba hiyo kufungua akaunti ya benki ni kazi. Maduka mengi hayataki pesa taslimu. Uende na kadi ya benki ya nyumbani inayokubali malipo ya nje, na uijaribu ukiwa bado Dar.

Mtu_wa_Leipzig:
Ujerumani, kwa viza ya mwanafunzi wanataka uonyeshe euro 992 kwa mwezi, ndiyo ile akaunti iliyozuiwa, unayotoa kidogo kidogo kila mwezi, ya euro 11,904 kwa mwaka. Mwenye ufadhili anapeleka barua ya ufadhili inayotaja kiasi na miezi. Yako ni 900, kwa hiyo waulize ubalozini mapema hiyo tofauti inafidiwaje. Ubalozi uko jengo la Umoja House, hapo Dar. Miadi ya viza ndiyo inayochelewesha watu. Kama pasipoti huna, anza kesho, ni shilingi 150,000.

Binti_Mlalakuwa:
Pasipoti sina. Na boom, ile fedha ya kujikimu ya Bodi, je? Likiingia nikiwa nje nitasaini vipi?

Jembe_la_Songea:
Boom waachie wenzako wanaobaki. Unalipwa na Wazungu, unataka na la Bodi?

Dokta_wa_Kibaha:
Jembe, mkopo si zawadi, ataulipa. Ni haki yake kuuliza. Dada, nenda kwa afisa mikopo wa chuo na barua ya kitivo, akujibu kwa maandishi kama muhula huo unahesabika upo masomoni au umeahirisha. Ukiandikwa umeahirisha, hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Mama_Neema_wa_Mbezi:
Nimewasoma wote kimya. Mwanangu, majaketi usinunue Ulaya, nenda soko la mitumba la Karume asubuhi na mapema, yanayofunguliwa pale ni ya haohao Wazungu. Tafuta lenye kofia na linalopita magoti. Viatu nunua Ulaya, vyetu vinateleza kwenye barafu. Chukua na dagaa.

Kigogo_Riverside:
Dagaa watamvusha uwanja wa ndege, mama?

Mtu_wa_Leipzig:
Nyama na maziwa ndivyo haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya kutoka kwetu. Samaki waliokaushwa wanaruhusiwa, mwisho kilo 20. Afunge vizuri tu, harufu isiingie kwenye nguo.

Mtoto_wa_Kisauni:
Eldoret angevuka nao gunia zima.

Binti_Mlalakuwa:
Nimetoka ofisi ya TP sasa hivi. Wanasema kuna walioruhusiwa kuanza TP mapema, lakini kibali kinatoka kitivoni, na mkuu wa kitivo yuko safari hadi Jumatatu. Jibu langu linatakiwa Ijumaa. Bayreuth nao wamenijibu, orodha ya kozi itatoka baadaye.

Karani_wa_Mitihani:
Iandikie idara leo, omba uongezewe muda mpaka Jumatano. Taja sababu zote mbili, TP na orodha ya kozi. Andika kwa barua pepe, usiende kusema kwa mdomo.

Mpemba_Asilia:
Na kitivo kikikubali TP ya mapema, Uppsala inarudi mezani.

Karani_wa_Mitihani:
Sapu je?

Mpemba_Asilia:
Binti wa Mlalakuwa, una somo unaloliogopa muhula huu?

Binti_Mlalakuwa:
Moja. Isimu.