Tuta la zege mteremkoni mbele ya shule, Nyakato (Mwanza): vipimo gani?

Mkazi_wa_Mlimani
Wakuu, habari za jioni. Mtaa umechanga fedha za tuta mbele ya lango la shule ya msingi. Barabara ni ya lami, upana mita 6, inateremka kutoka mlimani. Bodaboda na bajaji zinashuka kwa kasi, watoto wanavuka. Fundi anasema mifuko 3 ya saruji inatosha: tuta la nusu mita, kimo sentimita 15. Ni sawa? Kibali kinatoka wapi?

FundiLami
Mkuu, msilimwage hilo. Nusu mita kwa kimo cha 15 ni ukuta. Gari dogo linakwaruza tumbo, na bodaboda atalikwepa kwa kupita pembeni, kule kule wanakotembea watoto.

Tuta linalofaa lina kimo cha sentimita 10 na urefu wa mita 3.7 kufuata mwelekeo wa magari. Likipitwa kwa kilomita 30 kwa saa halimuumizi mtu. Kwa 50 linarusha. Kata kiolezo cha plaiwudi: ukianzia ukingoni, kwenye sentimita 46 kimo kiwe 4.4, kwenye 92 kiwe 7.5, kwenye 139 kiwe 9.4, na katikati (185) kiwe 10. Kutoka hapo shuka vivyo hivyo.

Zege linafika karibu mita za ujazo 1.4, yaani mifuko 9 hivi kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Kabla ya kumwaga, chimbeni lami sentimita 5 kwenye kingo zote mbili, zege lishike humo. Ukingo mwembamba uliopakwa juu ya lami tupu hubanduka mapema, hasa malori ya mchanga yakipita. Limwagilieni maji siku 7, na barabara ibaki imefungwa.

Mama_Mitaro
Mmesahau maji. Kwa milima yetu hii ya mawe, mvua ikinyesha inashuka na mchanga. Tuta likiziba kutoka ukingo hadi ukingo, mtapata bwawa upande wa juu, na lami italika. Acheni nafasi ya sentimita 25 kila upande maji yapite, halafu simikeni nguzo fupi ya zege pembeni ya nafasi hiyo. Bila nguzo mmemjengea bodaboda njia yake.

Kibali: barabara za mitaa ziko chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), ile kuu ya kwenda Musoma ni ya TANROADS (wakala wa barabara kuu). Anzeni na muhtasari wa kikao cha mtaa, upite kwa mtendaji wa kata, uende kwa meneja wa TARURA wa wilaya. Tuta lisilo na kibali linavunjwa, na mtu akiumia hapo mtatafutwa nyinyi.

Mkazi_wa_Mlimani
Asanteni. Je, rasta, yale matuta madogo madogo yaliyopangana? Ni nafuu zaidi.

FundiLami
Rasta inamshtua dereva, haimpunguzii mwendo. Akiizoea anaipita kwa kasi ili isimtetemeshe, na nyumba za jirani hazilali. Itumieni kama onyo tu, kabla ya tuta.

Jambo kubwa kwenu ni mahali. Tuta la kwanza liwe juu, mteremko unapoanzia, kisha mengine kila mita 60 hadi 80. Mkiweka moja tu langoni, pikipiki inalikuta ikiwa tayari na kasi. Kwa kilomita 50 kwa saa, dereva makini anahitaji kama mita 28 kusimama kwenye lami kavu. Kwa 30 ni mita 13. Mteremko unaongeza, mvua inaongeza tena.

Mama_Mitaro
Na pale langoni penyewe ningependelea kivuko kilichoinuliwa: juu bapa mita 4, kimo 10, kila upande mwinamo wa kupandia wa mita 1.5. Mtoto anavuka bila kushuka barabarani, na dereva anamwona. Panueni njia ya miguu pande zote mbili hapo hadi barabara ibaki mita 5. Bajaji mbili bado zinapishana. Mteremko ukizidi mita 1 kwa kila mita 10, achaneni na matuta hapo, bananisheni barabara tu. Kapimeni kwanza kwa ubao mnyoofu wa mita 2 na pima maji, mlete namba.