Mnara wa taa wa Chumbe ulijengwa kwa ajili ya nini?

Msafiri_Dar: Habari zenu wakubwa. Kila nikivuka kwa boti kwenda Unguja, tukikaribia mjini naona mnara kwenye kisiwa chenye msitu. Naambiwa ni Chumbe, na kwamba mnara ule ni wa kulinda matumbawe. Ni kweli?

Babu_wa_Dimani: Mwanangu, waliojenga hawakuyafikiria matumbawe hata kidogo. Ni Waingereza, mwaka 1904, na shida yao ilikuwa meli zipite salama usiku. Mwaka 1926 taa ikafungiwa mtambo wa gesi ya asetilini.

Sasa sikiliza. Wavuvi tulikatazwa kuvua pale, maana vyombo vyetu vingeziba njia ya meli kubwa za Dar, na tena eneo la karibu lilikuwa la jeshi. Marehemu baba alitega madema upande wa Fumba maisha yake yote. Chumbe kwake ilikuwa ya kupita tu. Sehemu nyingine za pwani hii watu walipiga baruti, wakaburuta makokoro juu ya mwamba mpaka ukawa kifusi. Mwamba wa magharibi wa Chumbe ukasalimika. Serikali ya Zanzibar ilipoutangaza hifadhi mwaka 1994, ilikuta matumbawe yangali hai. Kwa hiyo usiseme mnara uliyalinda. Marufuku ndiyo iliyoyalinda, na iliwekwa kwa ajili ya meli.

Bint_Mkunazini: Shikamoo babu. Kulikuwa na watu wanaishi huko?

Babu_wa_Dimani: Marahaba. Alikuwepo mlinzi wa taa na familia yake. Msikiti wao mdogo, wa mtindo wa Kihindi, bado upo. Nyumba yake iliwahi kuwa gofu, sasa ni kituo cha wageni. Kisima cha maji baridi hakuna, watu hukinga mvua.

Ninachokipenda mimi ni walinzi wa hifadhi. Wa mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani, na silaha hawabebi. Chombo kikisogea wanakifuata, wanasalimiana, wanaeleza kwamba samaki wakizaliana pale huenea hadi tunakovua sisi. Mvuvi akiambiwa hivyo na mvuvi mwenzake anaelewa.

Msafiri_Dar: Ahsante sana mzee. Mnara unapandwa?

Babu_wa_Dimani: Unapandwa, kwa ngazi. Weka nafasi mapema, boti yao huondokea Mbweni. Kama una watoto wa skuli Unguja, waulize walimu: hifadhi huwapeleka wanafunzi kujifunza.