Chumba kimekuwa cha giza tu, upweke hauonekani: nimekosea wapi?

KalamuNyevu

Ndugu wachoraji, naomba msaada wenu. Kwa majuma matatu nimekuwa nikichora katika Krita, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, mandhari ya ndani ya chumba: meza moja, kiti kilichosukumwa nyuma kana kwamba aliyekikalia ameondoka sasa hivi, dirisha upande wa kushoto wakati jua limekwisha kutua, na taa ndogo ya mezani upande wa kulia. Nilikusudia mtazamaji ahisi upweke mara tu anapoitupia picha macho, lakini nilichopata ni chumba kilichopakwa masizi.

Nilichora kila kitu kwa rangi zake za mchana, kisha nikafunika picha nzima kwa tabaka la buluu iliyokoza katika modi ya maltiplai (inayotia giza kila kilicho chini yake), halafu kwa brashi laini nikaongeza mng'ao kuzunguka taa, dirisha, ukingo wa meza na hata mgongo wa kiti. Nikizidisha giza, picha inachosha macho. Nikilipunguza, kinarudi kuwa chumba cha mchana ambacho mtu amesahau kuzima taa yake. Isitoshe, ukutani, pale mwanga unapofifia polepole, pametokea michirizi kama ngazi ambayo haiondoki hata nikiilainisha. Je, kosa liko katika rangi, katika mpangilio au katika programu?

TabakaLaChini

Kosa liko katika utaratibu, nawe si wa kwanza kulifanya. Tabaka la maltiplai lenye rangi moja hupunguza mwangaza wa kila kitu kwa kiwango kilekile, kwa hiyo uwiano kati ya meza, ukuta na sakafu unabaki kama ulivyokuwa mchana. Chumba chenye taa hakina tabia hiyo, kwa sababu mwanga wa chanzo kidogo hupungua kwa mraba wa umbali: kitu kikiwa mbali mara mbili hupata robo ya mwanga, na kikiwa mbali mara tatu hupata sehemu moja ya tisa.

Tuichukue picha yako. Kama kuna kitabu sentimita 30 kutoka kwenye taa, na mgongo wa kiti uko sentimita 90, kitabu kinapata mwanga mara tisa ya ule unaoufikia mgongo wa kiti. Wewe umevipa vyote viwili mng'ao sawa, ndiyo maana jicho halijui taa iko wapi. Ila usije ukaigawa kwa tisa ile namba ya mwangaza katika kichagua rangi, maana namba hizo haziendi sambamba na mwanga halisi. Katika sRGB, mfumo wa kawaida wa rangi za skrini wenye namba kutoka 0 hadi 255, ikiwa karatasi nyeupe iliyo karibu na taa ina 255, karatasi hiyohiyo ikipata robo ya mwanga itakuwa na takriban 137, na ikipata sehemu ya tisa itakuwa na takriban 94. Dirisha ni habari nyingine: ni chanzo kipana, kwa hiyo ukiwa karibu nalo mwanga wake hufifia taratibu zaidi na vivuli vyake huwa na kingo laini.

Ningekushauri uyafiche matabaka yote, ufungue jipya, na uchore chumba upya kwa toni nne tu za kijivu, huku ukikitazama kikiwa kidogo kama stempu ya barua. Kikishindwa kusomeka katika ukubwa huo, rangi haitakiokoa.

NuruHafifu

Nijibu kuhusu zile ngazi. Faili lako bila shaka ni la biti 8, yaani kila chaneli (nyekundu, kijani na buluu) ina viwango 256 tu. Ukuta unaofifia kutoka 45 hadi 20 una hatua 25, na ukizitandaza katika pikseli 1,500 kila hatua inakuwa na upana wa pikseli 60, ambao jicho huuona bila shida, hasa gizani. Badili faili liwe la biti 16, ambalo lina viwango 65,536, kisha upake ukuta upya, kwa sababu kubadili peke yake hakuzifuti ngazi zilizokwisha kuchorwa. Mwishoni, unapohifadhi nakala ya biti 8 ya kuweka mtandaoni, tia chembechembe kidogo sana ili ngazi zisirudi.

Kuhusu rangi, una vyanzo viwili na hiyo ni bahati. Balbu ya mwanga wa manjano huwa karibu na kelvini 2,700 (kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikipanda, mwanga huelekea buluu), ilhali anga la buluu huweza kupita 10,000. Basi mguu wa kiti chako unatakiwa kuangusha vivuli viwili: pale unapoizuia taa, kivuli kinamulikwa na dirisha na kuelekea buluu, pale unapolizuia dirisha, kivuli kinamulikwa na taa na kuelekea rangi ya kahawia yenye joto. Buluu yako ya jumla imevimeza vyote viwili.

UkutaMtupu

Wenzangu wamesema kweli, lakini nina shaka kama fizikia ndiyo iliyokosekana. Vilhelm Hammershøi (1864–1916), mchoraji wa Denmark, alichora mara nyingi vyumba vya nyumba aliyoishi huko Copenhagen, Strandgade 30, kati ya 1898 na 1909. Nyingi ya picha hizo ni za mchana, zimejaa kijivu tulivu, na mara kwa mara yumo mkewe Ida akiwa ametugeuzia kisogo. Giza ni haba, na upweke umejaa tele. Georges de La Tour (1593–1652), mchoraji wa Ufaransa, alikwenda njia tofauti, akatumia mshumaa mmoja na mara nyingine akauficha mwali nyuma ya mkono, tukabaki kuuona mwanga kwenye nyuso tu.

Wewe unataka vyote kwa pamoja. Mimi ningeizima taa kabisa, nikakisogeza kiti mbali na meza na kuiacha sakafu tupu kati yao.

TabakaLaChini

Nakubaliana na sakafu tupu. Kuizima taa sikubali, maana taa inayowaka bila mtu ndiyo inayotuambia kwamba mtu alikuwapo. Ificheni nyuma ya rundo la vitabu, yaishe.

KalamuNyevu

Nimerudi baada ya siku nne. Nimelifuta tabaka la maltiplai na mng'ao wote, nikaanza na toni nne, na taa sasa iko nyuma ya vitabu, ikimulika kipande cha meza kisichozidi kiganja. Kilichonishangaza ni kiti: nilipokiacha kiwe giza tupu mbele ya sakafu yenye mwanga hafifu wa dirisha, kilionekana wazi kuliko nilipokuwa nikikizungushia mng'ao. Ngazi zimetoweka katika faili la biti 16.

Limebaki jambo moja. Mimi huchora usiku nikiwa nimeuongeza mwangaza wa skrini hadi mwisho, na nilipoifungua picha kwenye simu mchana, nusu ya kushoto ilikuwa nyeusi kabisa.

NuruHafifu

Skrini imekudanganya. Ishushe hadi karatasi nyeupe iliyo kando yako na ukurasa mweupe wa skrini vikaribiane kwa mwangaza, ukiwa umewasha taa ya chumbani kwako, kisha ufungue histogramu, yaani grafu inayoonyesha wingi wa pikseli za kila kiwango cha mwangaza, zenye giza zikiwa kushoto. Ukiona mlima wote umejibana kwenye ukingo wa kushoto, pandisha vivuli kidogo na uuache weusi kamili chini ya meza tu.