Amana, Iowa: majiko ya jumuiya yalimpa mwanamke nafasi au yalimfunga?

Mleta mada: Wakuu, kuna hoja kwamba wanawake wa Kijerumani wa Amana walikuwa na nafuu kuliko wake wa wakulima jirani zao, kwa kuwa jumuiya yao ilifuta jiko la nyumbani. Kwa asiyewajua: ni waumini wa Uvuvio wa Kweli, dhehebu lililoanza Hesse, Ujerumani, mwaka 1714. Walihamia Marekani, kwanza Ebenezer karibu na Buffalo miaka ya 1840, kisha Iowa kuanzia 1855. Vijiji saba, ekari kama 26,000, mali ya pamoja hadi 1932. Mimi naikataa hoja hiyo.

Kurunzi: Mimi naikubali. Kufikia 1900 walikuwa na majiko zaidi ya 50, kila moja likilisha watu 30 hadi 40. Milo mitatu, na vitafunio viwili vya katikati. Msimamizi wa jiko mwanamke, wa bustani yake ya ekari mbili tatu mwanamke. Wasichana walipokezana kwa zamu: wa kupika, wa kuandaa mboga, wa kuosha vyombo. Mama mwenye mtoto chini ya miaka miwili hakupangiwa kazi. Baadaye mtoto alikwenda shule ya malezi. Mke wa mkulima wa nje alipika, akafua na kulea peke yake, na mtoto mgongoni.

Mleta mada: Aliyepanga zamu ni nani? Binti akimaliza shule, miaka 14, wazee wa kanisa ndio wanampeleka jikoni. Hajaulizwa. Kisha posho: kila mtu alikuwa na kiasi chake cha mwaka kwenye duka la kijiji. Mwandishi wa habari Charles Nordhoff aliyaandika mwaka 1875: mwanamume dola 40 hadi 100 kulingana na kazi yake, mwanamke 25 hadi 30. Anayelisha watu 40 analipwa pungufu ya wanaokula.

Bibi Siki: Tusiidharau kazi yenyewe. Kabichi za majira ya baridi: unakata nyembamba, unatia chumvi kama gramu 20 hadi 25 kwa kila kilo, unashindilia ndani ya pipa hadi maji yake yapande, unaweka ubao na jiwe juu. Chumvi ikipungua inalainika na kuoza, ikizidi haichachi. Kipande kikielea juu ya maji, ukungu unaingia. Pipa likiharibika Novemba, hakuna mbadala hadi masika. Huyo msimamizi alishika usalama wa chakula cha kaya kadhaa, wala si cheo cha kumpoza tu.

Msomaji wa Matendo: Naona mnabishana juu ya sufuria, na watu hawa walivuka bahari kwa ajili ya imani. Ibada 11 kwa wiki: sala kila jioni, asubuhi za Jumatano, Jumamosi na Jumapili, na Jumapili mchana. Wanawake upande wao, mlango wao, kofia nyeusi na shali. Aliyekuwa kinara wao wa mwisho ni nani? Barbara Heinemann Landmann, mzaliwa wa Alsace 1795, mjakazi asiye na elimu. Alianza kunena kwa uvuvio, yaani kutoa maneno waliyoamini ni ya Mungu mwenyewe, 1818. Alipoolewa 1823 karama ikamwacha. Ikarudi 1849 huko Ebenezer. Christian Metz, kiongozi wao mwingine mwenye karama hiyo, alipofariki 1867, Barbara alibaki sauti pekee iliyokubaliwa kuwa ya Mungu hadi kifo chake 1883. Baada yake hakutokea mwingine.

Mleta mada: Asante kwa kunisaidia. Karama ilimwacha *alipoolewa*. Ndoa ilimshusha mtu daraja la kiroho, mume na mke wote, lakini tumbo ni la mmoja: kila uzazi ulimrudisha nyuma tena. Na Barbara alikuwa mmoja tu. Uzee wa kanisa haukuwa wa wanawake.

Kurunzi: Kwenye kura je? Katiba yao ya 1859 iliwapa kura wajane, na wanawake waliofikisha miaka 30 wasio na mwanamume wa kuwawakilisha. Kura ya wanawake haikufika nchi nzima hadi 1920.

Mleta mada: Yaani aliyeolewa hakuwa nayo. Unaona mwenyewe.

Bibi Siki: Ila angalieni 1932. Moto wa 1923 uliunguza kinu cha unga na kuharibu kiwanda cha sufu, bila bima; madeni yakafuata, kisha mdororo wa uchumi. Wanachama wakapiga kura kuvunja mfumo, biashara ikawa kampuni ya hisa, majiko yakafungwa. Nyumba zao hazikujengwa na jiko. Wanawake ikabidi watafute meko, sufuria na meza, na wapunguze mapishi ya watu 40 yawatoshe watano. Tena, mdogo wangu mleta mada, tangu 1900 hivi familia nyingi zilikuwa zinabeba chakula kwa kapu kwenda kula nyumbani. Walitaka meza yao, hilo nakupa. Kuosha vyombo peke yao sijaona popote kwamba walikuomba.