Ukoo wa Midlands, Uingereza: safari ya baiskeli ya Mei

Salim: Shikamooni wakubwa. Derbyshire tumeshakubaliana, njia bado. Tuko tisa, watoto watatu, na Bibi Zuhura amesema mlima hapandi. Vijiji vya kale tunavitaka, magari hatuyataki. Nani anaanza?

Mjomba Seif: Marahaba. Tissington Trail, msihangaike kutafuta mbali. Ni njia ya reli ya zamani kutoka Ashbourne hadi Parsley Hay, maili 13, yaani kilomita 21. Reli ilifunguliwa 1899, ikafungwa miaka ya 1960, na mwaka 1971 ikawa njia ya waenda kwa miguu, baiskeli na farasi. Treni ya mvuke haikuweza mlima mkali, kwa hiyo wajenzi walikata vilima na kujaza mabonde. Bibi atakula jasho lao.

Rukia: Lakini msimwambie ni tambarare, atatusuta. Ashbourne iko bondeni, Parsley Hay iko mita 350 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukielekea kaskazini unapanda kidogo kidogo njia nzima. Macho hayauoni mlima, mapaja yanaujua.

Salim: Basi si tuanzie juu tuteremke?

Mjomba Seif: Halafu mrudi kupanda mmechoka, na watoto wanalia? Anzieni Ashbourne. Mnapanda asubuhi mkiwa na nguvu, na popote mtoto atakapochoka mnageuza, mteremko unawarudisha.

Rukia: Na upepo. Nchi ile upepo mwingi unatoka kusini-magharibi, na matuta ya reli yako wazi, hayana kinga. Mkirudi kusini unaweza kuwapiga usoni ukaumeza mteremko wote. Tazameni utabiri usiku wa kuamkia safari. Ukisema upepo mkali wa kusini, geuzeni Alsop, stesheni ya zamani iliyo kama nusu ya njia, msifike Parsley Hay.

Shemeji Omari: Mambo ya kufika. Treni haifiki Ashbourne, tusidanganyane. Unashukia Derby, na kutoka pale ni basi ambalo halitabeba baiskeli zetu tisa. Twendeni na magari. Maegesho ya kulipia yako Mapleton Lane, na baiskeli za kukodi ziko pale pale, pamoja na za watoto na vigari vya kuvuta nyuma. Kodini mapema mtandaoni. Wikendi ya Mei ukifika saa tano asubuhi utapewa iliyobaki, na iliyobaki huwa ina sababu.

Shemeji Omari: Kando ya maegesho kuna handaki la mita 350 hivi linaloelekea mjini Ashbourne. Lina taa. Watoto watapenda mwangwi, lakini wapige kengele, watu wanatembea humo na mbwa.

Rukia: Mkitoka Mapleton Lane kuelekea kaskazini, hazipiti dakika nyingi mnakutana na shimo la Bentley Brook. Daraja la reli liliondolewa, kwa hiyo njia inashuka ghafla hadi kijito na kupanda ghafla upande wa pili. Ndipo pekee penye mwinuko wa kweli. Makosa yanayotokea pale ni mawili: watu wanashuka kasi juu ya changarawe na kubana breki ya mbele peke yake, gurudumu linateleza, au wanafika chini na gia nzito, wanajaribu kuibadilisha huku wanakanyaga kwa nguvu, cheni inatoka. Badilisheni gia ikiwa laini KABLA ya kufika chini. Bibi ashuke asukume, hakuna aibu.

Bibi Zuhura: Nani kasema nina aibu? Nitashuka.

Shangazi Mwanaisha: 😂 Sasa na vijiji? Maana mmezungumza reli tu. Tunapita katikati ya vijiji au vipi?

Mjomba Seif: Hapo ndipo wageni wengi hukosea, Mwanaisha. Reli ilifuata mgongo wa nchi, vijiji viko chini mabondeni kwenye maji. Stesheni ilibeba jina la kijiji, lakini kijiji chenyewe kiko mbali. Ukiona kwenye ramani "Hartington" usidhani umefika Hartington: stesheni ya zamani iko kama maili 2 kutoka kijijini, na zote ni mteremko wa kwenda. Kurudi ni kuupanda, tena kwenye barabara ya magari, B5054. Kwa hiyo kabla hamjaondoka amueni mnashuka kijiji kipi. Kimoja kinatosha kwa kundi lenye watoto.

Mjomba Seif: Tissington ndiyo ya pekee iliyo ubavuni mwa njia. Kama maili 3 kutoka Ashbourne, stesheni ya zamani sasa ni maegesho, ukitoka hapo kidogo tu umeingia kijijini.

Shangazi Mwanaisha: Na ndani kuna nini?

Mjomba Seif: Jumba la Tissington Hall la mwaka 1609, la familia ya FitzHerbert hadi leo. Nyumba za mawe ya chokaa, bwawa la bata, kanisa la enzi za Wanormani. Lakini kama ni Mei, visima. Kwa desturi Alhamisi ya Kupaa, siku 39 baada ya Pasaka, wanapamba visima sita vya kijiji kwa picha zilizotengenezwa na maua. Asili yake husimuliwa namna mbili: wengine husema ni shukrani kwa maji safi yaliyowaokoa na tauni ya karne ya 14, wengine husema ukame wa 1615 ambapo visima havikukauka.

Salim: Picha za maua zinasimamaje wiki nzima na mvua ya Uingereza?

Mjomba Seif: Ni ufundi. Ubao wenye kingo huloweshwa majini siku kadhaa ili usiufyonze udongo ukakauka. Kisha hujazwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa na chumvi, chumvi inashika unyevu. Mchoro huwekwa juu na kutobolewa kwa ncha hadi alama zibaki kwenye udongo. Mistari hupangwa kwanza kwa mbegu, magome au koni ndogo za miti, ndipo petali zinabandikwa moja moja KUTOKA CHINI kwenda juu, kila ya juu ikilalia ya chini kama makuti ya paa, ili mvua iteremke isiingie ndani. Anayeanzia juu kazi yake inaoza mapema.

Shangazi Mwanaisha: Makuti! Nimeelewa mara moja.

Shemeji Omari: Siku hizo kijiji kinafurika na maegesho ya Tissington yanajaa asubuhi. Sisi tutaacha magari Ashbourne na kuingia na baiskeli, foleni tutaipita ubavuni. Nendeni Jumamosi baada ya Kupaa, picha huwa bado zipo. Kisima kimojawapo kinaitwa Coffin Well kwa sababu kina umbo la jeneza, msiwatishe watoto.

Rukia: Ndani ya kijiji siku ya visima mshuke msukume. Umati na baiskeli havipatani.

Salim: Wenye nguvu wakiendelea juu?

Shemeji Omari: Tissington hadi Alsop maili 3, Alsop hadi stesheni ya Hartington 5, kisha 2 hadi Parsley Hay. Stesheni ya Hartington kibanda cha mwongoza ishara kimehifadhiwa, pazuri kupumzika. Kwenye ramani ya Ordnance Survey tafuteni OL24, ina White Peak yote, yaani nchi hii ya mawe ya chokaa, kwa kipimo cha 1:25,000. Simu inapoteza mtandao mabondeni, kwa hiyo kama unatumia programu pakua ramani nyumbani.

Shangazi Mwanaisha: Hartington si ndiko kwa jibini?

Mjomba Seif: Ndiko. Jibini lenyewe ni Stilton, na kwa sheria linatengenezwa katika wilaya tatu tu: Derbyshire, Leicestershire na Nottinghamshire. Kijiji chenyewe cha Stilton kiko Cambridgeshire, kwa hiyo hakiruhusiwi kutengeneza jibini lenye jina lake 😄 Duka liko karibu na bwawa la kijiji. Uliza kama kigandishi ni cha mimea au cha mnyama, wanajua kujibu.

Salim: Nimeona kwenye ramani njia nyingine inaungana Parsley Hay, High Peak Trail. Inafika karibu na Cromford, penye kiwanda cha pamba cha Arkwright cha 1771. Tusishuke huko badala ya kurudi?

Mjomba Seif: Weee! Pole pole. High Peak ni reli ya aina nyingine kabisa, ya miaka ya 1830 mwanzoni. Aliyeichora, Josias Jessop, alikuwa mhandisi wa mifereji, akaipanga kama mfereji: vipande virefu tambarare, halafu miteremko mikali mahali ambapo mfereji ungekuwa na milango ya maji. Mabehewa yalivutwa juu kwa mashine za mvuke zilizosimama kileleni, kwa minyororo na baadaye kamba za chuma. Middleton Top mashine ya 1829 bado ipo ndani ya jumba lake. Mteremko wa Hopton ni 1 kwa 14, yaani mita 1 ya kushuka kila mita 14. Middleton na Sheep Pasture ni kama 1 kwa 8.

Rukia: 1 kwa 8 juu ya changarawe kwa baiskeli ya kukodi: hapana. Breki za mpira zinapata moto, zinapoteza nguvu, na mtoto mkono wake mdogo haufiki vizuri kwenye kishikio. Anayekwenda Cromford ashuke na kusukuma miteremko hiyo yote miwili. Au ageuze Middleton Top. Na kumbukeni baiskeli za Ashbourne zinarudishwa Ashbourne.

Mjomba Seif: Cromford nendeni siku nyingine kwa treni, ina stesheni yake kwenye reli ya Derby hadi Matlock. Viwanda vile viko kwenye urithi wa dunia tangu 2001, vinastahili siku yao.

Shangazi Mwanaisha: Na ile yenye mahandaki mengi?

Shemeji Omari: Monsal Trail, maili 8.5, upande wa mji wa Bakewell. Haiungani na hizi. Mahandaki yalifunguliwa kwa umma 2011, yana taa mchana tu na ndani ni baridi hata Julai. Eyam iko karibu na huko, kijiji kilichojifungia wakati wa tauni ya 1665 na 1666, watu wakiacha sarafu ndani ya siki kwenye vishimo vya jiwe la mpakani ili kulipia chakula. Lakini mlima wa kupanda Eyam si wa Bibi. Kwa gari.

Rukia: Haya, wanaoleta baiskeli zao, someni mpaka mwisho.

Njia ni changarawe ya chokaa iliyoshindiliwa. Tairi upana wa milimita 35 hadi 40 ndiyo yake. Mtu wa kilo 75 na tairi ya 40: pampu 45 nyuma, 40 mbele, kwa kipimo cha PSI. Tairi nyembamba za barabarani za 25 zenye 100 ndani zitakutingisha meno na kuteleza kwenye kona.

Mvua ikinyesha vumbi la chokaa linakuwa uji mweupe. Uji huo ni msasa: unakula mipira ya breki, unakula rimu, unakula cheni. Pakeni mafuta ya cheni ya mvua, tone moja kila kiungo, zungusheni pedeli kinyumenyume, kisha futeni ya nje yote kwa kitambaa. Mafuta ya ziada yanakamata vumbi tu. Mkirudi nyumbani mwagieni maji ya kawaida siku ile ile. Ukiuacha ukauke utaukwangua.

Pancha: nyua za kando ni za hawthorn, kichaka cha miiba, zinakatwa kwa mashine majira ya baridi na miiba inabaki chini. Ukitoa mwiba usiweke tyubu mpya upesi. Pitisha kidole polepole ndani ya tairi yote, mwiba mara nyingi umevunjika na ncha iko humo inangoja tyubu ya pili.

Salim: Na baiskeli za kukodi tuangalie nini kabla ya kutoka?

Rukia: Bana breki zote mbili, sukuma mbele: magurudumu yasimame. Shika gurudumu litikise kulia kushoto, lisicheze. Siti: kaa, weka KISIGINO kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Wengi wanaiweka chini mno kwa woga, baada ya maili 5 magoti yanalalamika. Kofia ikae vidole viwili juu ya nyusi, si kisogoni.

Shemeji Omari: Sheria kwa kifupi. Kushoto, kama nyumbani. Kofia sheria hailazimishi, ukoo unalazimisha. Njia ya miguu tu msiendeshe. Njia ya farasi mnaruhusiwa, lakini sheria ya 1968 inawataka mumpishe aliye kwa miguu na aliye juu ya farasi. Farasi msimpigie kengele kwa nyuma, anashtuka. Punguzeni, semeni "hello" kwa sauti ya kawaida, ngojeni mpanda farasi ajibu. Baiskeli ya umeme ni lazima mtu awe na miaka 14, na mota inakata ikifika maili 15.5 kwa saa. Lango mkilikuta limefungwa, lifungeni nyuma yenu, kuna kondoo.

Bibi Zuhura: Hiyo ya umeme ndiyo yangu.

Salim: Nakukodia Bibi. Basi: Mapleton Lane saa tatu asubuhi, Tissington kwenye visima kabla ya saa tano, chakula pale pale. Wenye watoto wanageuza, wengine Parsley Hay na kurudi, jumla maili 26 kwao.

Shangazi Mwanaisha: Chakula tubebe. Mikahawa ya huko inafunga jioni mapema, na kuuliza halali kila mahali kunachosha. Naleta chapati na maharage makavu, hayamwagiki. Maji lita moja na nusu kila mtu, watoto lita moja. Na sweta, hata jua likiwaka. Kule juu ni baridi kuliko Leicester.

Rukia: Kila mwenye baiskeli yake anitumie leo picha ya ubavu wa tairi, penye namba. Gurudumu la inchi 26 na la 28 tyubu zake haziingiliani, na nataka kujua kama nozeli ni nene kama ya gari au nyembamba, maana pampu yangu inabadilishwa kichwa na kichwa kimoja nimekiazima. Salim, ya kwako najua ni 28 nyembamba. Omari?

Shemeji Omari: 26, nene. Ya mtoto 20, nene.

Rukia: Sawa. Tyubu mbili za 28, moja ya 26, moja ya 20, viraka, vijiti vitatu vya kutolea tairi. Spana ya magurudumu ya nati alete mwenye nati.